Jino moja halitoshi kumtaja dinosaria

Wengi huamini kwamba mtaalamu akishika jino la dinosaria, atakutajia jina lake papo hapo. Sivyo. Mara nyingi jino hukufikisha kwenye ukoo tu.

Chukua Tendaguru, mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba mabaki ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913. Jino nene lenye umbo la kijiko ni la mla majani wa jamii ya Giraffatitan, yule ambaye mifupa yake imesimamishwa Berlin. Likiwa jembamba kama penseli, fikiria jamaa za Dicraeosaurus. Bapa, limepinda kuelekea nyuma, ukingo una vijino kama vya msumeno? Huyo ni mla nyama, na hapo ndipo ugumu unapoanza. Vijino hivyo huhesabiwa kwa kila milimita 5, kisha urefu, upana na unene wa jino hupimwa. Lakini jino la mbele halifanani na la nyuma kwenye taya lilelile, na la kinda halifanani na la mkubwa.

Mwaka 1920 mtaalamu Mjerumani Werner Janensch alimpa mnyama jina la Megalosaurus ingens, yaani alimweka katika kundi la mla nyama Megalosaurus, kwa jino moja kubwa la Tendaguru. Leo wataalamu hawamweki tena kwenye kundi hilo. Huko Marekani, mtaalamu Joseph Leidy aliita jino dogo la dinosaria Troodon mwaka 1856, akidhani ni la mjusi.

Dinosaria waling'oka meno na kuota mapya maisha yao yote, ndiyo maana meno yaliyotawanyika ni mengi kuliko mataya. Ukiona moja, usilisogeze: piga picha, andika mahali na aina ya mwamba.