Je, wajua kwa nini tumbo la mtoto mchanga hufuata maisha ya kwao?

Mama muuza dagaa wa Mwaloni, pale Kirumba jijini Mwanza, anapomfungua mwanawe mgongoni ili ambadilishe nepi, mara nyingi hutambua kwa pua tu kama tumbo la mtoto liko sawa. Kinyesi cha mtoto anayenyonya bila kuchanganyiwa kitu kingine huwa laini, cha njano, chenye uchachu unaokaribiana na ule wa maziwa mgando. Uchachu huo ni kazi ya bakteria, na ni bakteria gani hasa wanaoufanya hutegemea mtoto amezaliwa vipi, anabebwa na nani, atanyonya hadi lini na watu wa kwao wanaishi maisha gani.

Mtoto huzaliwa akiwa na bakteria wachache mno tumboni, kama wapo. Wa kwanza kuhamia ni wale anaowaokota katika njia ya uzazi, kisha wa utumbo na ngozi ya mama, na baadaye wa kila mkono unaompokea. Lakini kuingia si kukaa. Anayekaa ni yule anayekuta chakula chake. Hapo ndipo maziwa ya mama yanapostaajabisha. Ukiacha maji, sukari ya kawaida ya maziwa na mafuta, kinachofuata kwa wingi ni sukari ndefu za aina zaidi ya 100 ambazo mtoto mwenyewe hana uwezo wa kuzimeng'enya. Mwili wa mama hutumia nguvu kutengeneza chakula ambacho mwanawe hawezi kukila, kwa sababu mlaji ni mwingine: bifidobakteria, kundi ambalo Henry Tissier wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris alilitambua mwaka 1899 katika kinyesi cha watoto wanaonyonya. Hodari kuliko wote ni Bifidobacterium infantis, ambaye huzivuta sukari hizo nzima nzima hadi ndani ya seli yake na kuzikatia humo, asiwaachie wengine makombo, kisha hutoa asidi ya siki na asidi ya maziwa. Asidi hizo ndizo zinazosikika katika ile nepi, na ndizo zinazowanyima nafasi bakteria wengi waletao kuhara.

Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliochunguza kinyesi cha watoto wachanga wa Wahadzabe, wawindaji na waokota matunda wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, ng'ambo ya Serengeti ukitokea huku kwetu, na kukilinganisha na takwimu za watoto wa nchi nyingine nyingi. Zaidi ya asilimia 20 ya jenomu (jumla ya vinasaba vya kiumbe) za bakteria zilizoonekana kwa watoto hao zilikuwa za spishi mpya kwa sayansi. Mimi nilishangazwa zaidi na jambo jingine: watoto wa nchi za viwanda, hata wale wanaonyonya, walikuwa na upungufu mkubwa wa infantis pamoja na jeni za kuchakata sukari za maziwa. Ni sawa na kupika ugali na sato kwa ajili ya mgeni ambaye hakupanda basi.

Mgeni huyo kwa kawaida huletwa na mama. Utafiti huohuo ulikuta kwamba mama na mtoto wake hushiriki bakteria wa ukoo mmoja, wakiwemo wale wanaotofautisha maisha ya jamii moja na nyingine. Mtoto wa Kihadzabe hunyonya kwa miaka miwili au zaidi, na kutwa hupita mikononi mwa bibi, dada na majirani wa kambi. Upasuaji wa uzazi, antibiotiki na maziwa ya kopo hulegeza mnyororo huo, na binti aliyekosa bakteria huyu utotoni atapata shida kumrithisha mwanawe.

Desturi zetu za kandokando ya Ziwa Victoria nazo zina mkono wake. Mtoto akilia usiku kucha, bibi husema ana mchango, yaani msokoto wa tumbo, na kabla hajamaliza mwezi ameshanyweshwa maji ya mizizi, yaani bakteria wa maji na wa sufuria ambao maziwa hayakuwaalika. Mama akipata mimba nyingine, wapo wanaomwachisha mtoto ziwa siku hiyohiyo kwa hofu ya kumbemenda, yaani kumdhoofisha. Sukari ndefu zinakatika ghafla, na infantis hufifia kwa kukosa chakula.

Hadi miezi sita hivi matumbo ya watoto wa jamii mbalimbali hufanana kiasi, kisha njia hugawanyika. Kwa Wahadzabe, wenye ubuyu, mizizi ya porini na asali, huongezeka Prevotella, bakteria wapenda nyuzinyuzi za mimea. Katika nchi za viwanda hutawala kundi jingine la bakteria, Bacteroides. Uji wa mtama na matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) yaliyolainishwa, vyakula vya Usukumani tangu zamani, navyo vina nyuzinyuzi za mimea.

Asidhani mtu kwamba nasifu uchafu. Wahadzabe huzika watoto wengi wachanga, na maji ya ziwa letu yana kichocho na huweza kuleta kipindupindu. Kunawa mikono hakumfukuzi infantis, anayetoka kwa mama na kulishwa na maziwa yake. Huko California, watoto wanaonyonya walipopewa bakteria huyu kwa siku 21, aliendelea kukaa tumboni mwao hata baada ya dozi kwisha, maadamu walikuwa bado wananyonya.