Maana ya Huduma ya Msingi ya Macho kwa Mwanafunzi wa Udaktari

Huduma ya msingi ya macho ni yale ambayo mhudumu wa afya asiye bingwa humfanyia mgonjwa pale anapomkuta: kumpima uoni, kutibu yaliyo mepesi, kutambua yaliyo ya hatari na kutoa rufaa mapema. Ni tawi la afya ya msingi iliyotangazwa kwenye mkutano wa kimataifa mjini Alma-Ata, Kazakhstan, mwaka 1978, ambako msingi ulikuwa mahali mgonjwa anapokutana na mfumo wa afya kwa mara ya kwanza.

Linalosumbua ni mazoea ya kuliita kwa jina hilo somo la wiki chache wanalopewa wanafunzi wa shahada ya kwanza ya udaktari, hali wanachofundishwa ni muhtasari wa ubingwa: tabaka 10 za retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), aina za upasuaji wa glakoma (presha ya jicho), na asubuhi kadhaa za kusimama nyuma ya bingwa anayetoa mtoto wa jicho. Bingwa hupokea mgonjwa aliyekwisha kuchujwa. Anayechuja ni daktari tarajali wa zamu ya usiku katika hospitali ya wilaya. Huyo ataletewa fundi aliyeingiwa na chokaa jichoni, na anapaswa kujua kwamba jicho hilo huoshwa papo hapo kwa maji safi mengi, kabla hata ya kupima uoni au kufungua faili. Ataletewa jicho jekundu, naye aulize kwanza kama uoni umepungua na kama maumivu ni makali, kwa sababu matone yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, yakitiwa kwenye kidonda cha konea (kioo cha mbele ya jicho) kilicholetwa na fangasi yanaweza kumpotezea mgonjwa jicho. Ataletewa mtoto ambaye mama yake ameona weupe ndani ya mboni. Hapo si lazima atofautishe mtoto wa jicho na retinoblastoma, ila ni lazima ajue kwamba yote mawili hayasubiri, na kwamba la pili ni saratani inayoua.

Vifaa vyake ni vichache. Mgonjwa anayesoma 6/24 kwenye chati ya Snellen, ile ya herufi za kupimia uoni (yaani anaona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima huona kwa mita 24), kisha akafika 6/9 anapochungulia kwenye kadi yenye tundu dogo, kwa kawaida anahitaji miwani. Ofthalmoskopu, kifaa cha kutazamia ndani ya jicho, ndiyo inayodai mkono uliozoea, na mkono hauzoei kwa kutazama.

Walimu wasiache kuwapeleka wanafunzi chumba cha upasuaji. Wakiite tu kipindi hicho utangulizi wa ubingwa, na jina la huduma ya msingi walitunzie mafunzo ambayo mwanafunzi huyamaliza akiwa amepima uoni wa wagonjwa mwenyewe na kuandika rufaa inayoeleweka.