Aliyetapeliwa siyo mjinga, acheni hiyo

Nafundisha fasihi hapa Tabora, na kuna sentensi moja nimeshaisahihisha hadi nimechoka: "mwandishi anaonyesha jinsi watu wajinga wanavyodanganywa na mjanja." Wanafunzi wanaandika, wazazi nao wanawafundisha hivohivo nyumbani. Juzi mzee mmoja pale Kanyenye kanibishia kabisa.

Haya, chukueni Volpone, tamthilia ya Mwingereza Ben Jonson, iliyochapwa 1607. Volpone mwenyewe ni tajiri wa Venice, hana mtoto, anajilaza kitandani kama mahututi, basi kila anayetaka kuandikwa mrithi anamletea zawadi. Wajinga hao wanaoleta ni akina nani? Voltore ni wakili, huyo kazi yake ni kushinda kesi! Corvino ni mfanyabiashara, ana wivu mpaka mkewe Celia akichungulia dirishani ni kesi, ila akiambiwa mgonjwa atapona akilala na mwanamke, anamkokota mke huyohuyo hadi kitandani kwa mzee. Corbaccio ni kizee kiziwi, kinakaribia kaburi chenyewe, kinamkatia mwanae urithi na kumwandikia Volpone, hesabu yake ni kwamba Volpone atatangulia kufa. Hao wote wamepiga hesabu, tena kali, ila wameipiga kwa tamaa. Mosca, mtumishi anayeendesha mchezo wote, anaeleza mwenyewe kwamba kila mmoja kajaa matumaini yake hadi ukweli ukimkaa usoni anaukataa.

Au Korobochka wa Mrusi Gogol, yule mjane kwenye riwaya ya Nafsi Zilizokufa (1842). Tapeli Chichikov anataka kununua wakulima, enzi hizo walimilikiwa kama mali, waliokwisha kufa ila bado wanasomeka kwenye orodha ya kodi, akaweke rehani apate mkopo. Mama hashtuki sana kwamba mtu ananunua maiti, anachoogopa ni kuuza bei ya kutupwa, kama mama muuza asali wa hapa kwetu akimwona mnunuzi mgeni ana haraka. Mwishowe anafunga safari mjini kuulizia bei, na hapo ndo mambo ya Chichikov yanaanza kuharibika. Mjinga gani huyo?

Ushauri wangu ni uleule, soma kwanza aliyetapeliwa alikuwa anataka nini kabla mjanja hajafika. Wengi hawasomi, wanakimbilia vituko.

Eti mjanja ndo kapanga kila kitu. Wapi! Khlestakov kwenye Mkaguzi Mkuu wa Serikali (1836), tamthilia ya Gogol huyohuyo, ni karani mdogo kakwama hoteli, hela kaliwa kwenye karata, hata chakula anabembeleza. Wakubwa wa mji ndo wanamfanya mkaguzi, kwa hofu ya madudu yao wenyewe, yeye anakuja kushtukia baadaye keshakula hela zao, kisha ndo anachumbia binti wa meya.

Eti mjanja lazima aadhibiwe mwishoni. Volpone sawa, anafungwa. Khlestakov anasepa na farasi wazuri wa mji na hakuna anayemkamata.

Na hii ya kwamba Abunuwasi ni hadithi ya watoto tu inanikera pia. Jirani aliyemwazima sufuria aliambiwa imezaa, akapokea na kitoto chake kimyakimya, hakuuliza hata swali moja. Alipokuja kuambiwa imekufa ndo akakumbuka kwamba sufuria haina roho, akakimbilia kwa kadhi.