Trekta Kuukuu la Shamba: Anza na Oili, Rangi Isubiri

Anayerithi trekta la miaka ya 1960 mara nyingi hutuuliza kwanza habari za rangi. Rangi ni ya maonyesho. Kama trekta litalima, anza na kijiti cha kupimia oili.

Kichomoe kila asubuhi kabla ya kuwasha. Oili nyeusi isikutishe, maana injini ya dizeli huichafua mapema. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, trekta lisitoke. Ishara inayowapita wengi ni oili kuongezeka. Mwenye trekta hufurahi kwamba injini yake "hailambi oili", kumbe utando wa pampu ndogo inayovuta dizeli umetoboka na dizeli inachuruzika ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Inuse: harufu itakwambia. Utando ni kipuri kidogo. Ukipuuzwa, oili hulegea kama maji na beringi za krankishafti, mhimili mkuu wa injini, hulika, na hapo ndipo injini hufunguliwa yote.

Adui mwingine ni vumbi. Matrekta mengi ya umri huo huchuja hewa kwa bakuli lenye oili. Msimu wa vumbi lifungue kila siku, mwaga tope, osha, jaza hadi alama. Usizidishe "kwa usalama": injini itaivuta oili hiyo na kuichoma kama mafuta, na inaweza kuzunguka kwa kasi yenyewe hata ukizima.

Vipuri visikukatishe tamaa. Massey Ferguson 135 iliacha kutengenezwa miaka ya 1970, lakini vya injini yake ya Perkins ya silinda 3 bado vinatengenezwa.

Mkusanyaji wa matrekta ya kale hutaka kila nati iwe kama ilivyotoka kiwandani. Wewe huna deni hilo. Dainamo inayochaji betri ikichoka, ibadilishe kwa alteneta, mrithi wake wa kisasa. Funga fremu ya chuma ya kumkinga dereva trekta likipinduka, hata kama halikuzaliwa nayo, na uiwekee mkanda. Pasipo fremu, usifunge mkanda. Na kile kifuniko cha shafti ya nyuma inayoendesha mashine, ambacho huwa cha kwanza kutupwa, kirudishe. Shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Ikishika upindo wa shati, hupati muda wa kufikia klachi.