Lushoto mwezi Julai: baridi ipo, mvua ndiyo haipo

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba Julai unapanda Lushoto, atakujibu: "Huko sasa ni baridi na mvua tupu, ngoja Desemba." Kuhusu baridi amesema kweli. Kuhusu mvua amekosea.

Masika ya Usambara, milima iliyobeba Lushoto, ni Machi hadi Mei. Vuli huanza Oktoba na kufika Desemba. Kwa hiyo anayengoja Desemba anakiacha kipupwe, akaifuata mvua! Julai utakuta ukungu wa asubuhi, pengine na manyunyu, lakini njia za miguu hazina lile tope la Aprili.

Nadhani tunachanganya kwa sababu kwetu pwani ubaridi huja na mawingu ya mvua. Milimani chanzo chake ni mwinuko: kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kwa takriban nyuzi 6. Mombo, pale basi linapoiacha barabara ya Arusha, ni kama mita 400 juu ya bahari. Lushoto inakaribia 1,400. Kilomita 33 tu za kona, na tayari unatafuta sweta.

Basi tafuta koti zito la mitumba soko la Karume, Dar, kabla ya safari. Tembea mpaka Irente, usimame ukingoni mwa mlima uitazame nyika kule chini. Siku ya pili ingia msitu wa Magamba, taratibu na bila kelele, uwaone mbega.