Cheti cha uchambuzi wa data: yanayosemwa Kigoma na yalivyo

Wahitimu wakirudi Kigoma kusubiri ajira, hawakai sana kabla tangazo lile halijawafikia kwenye WhatsApp: soma uchambuzi wa data za biashara, pata cheti cha kimataifa, lipwa kwa dola ukiwa nyumbani. Si uongo wote. Kozi zipo, vyeti vipo, na kazi ipo. Ila kati ya tangazo na kazi yamejaa maneno ya kuambiana vijiweni, na watu wameyalipia.

"Bila hesabu ngumu, usijisumbue"

Neno hili huwakimbiza waliosoma HKL na HGL, michepuo ya sanaa, kabla hawajagusa chochote. Mtihani wa CBDA, wa cheti cha uchambuzi wa data za biashara, unaotolewa na taasisi ya kimataifa ya wachambuzi wa biashara iitwayo IIBA, una maswali 75 ya kujibiwa kwa saa 2. Humo, kuchambua data kwenyewe kuna uzito wa asilimia 16 tu. Kutambua swali linalopaswa kujibiwa ni asilimia 20, kufasiri matokeo na kuyatolea ripoti 20, kuyatumia kumshawishi mwenye biashara aamue 20 nyingine. Kwa hiyo anayeuliza vizuri na kueleza vizuri tayari ana mtaji.

Hesabu zinazotumika mara nyingi ni za sekondari: asilimia, wastani, namba ya katikati ukizipanga kutoka ndogo hadi kubwa. Kazi ni kujua ipi inakudanganya na lini. Tuseme mama anayeuza dagaa pale Kibirizi ana wateja 10. Tisa wananunua kilo 5 kila mmoja, wa kumi anabeba kilo 255 za kupeleka Dar es Salaam. Wastani unasema mteja wake hununua kilo 30. Mteja wa namna hiyo hayupo! Akifungasha mifuko ya kilo 30 itamdodea. Namba ya katikati, kilo 5, ndiyo inayomfaa kwa mifuko. Na yule wa kilo 255 anahitaji mazungumzo yake peke yake.

"Kigoma hakuna data za kuchambua"

Hapa tunajidharau bure. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufaa gizani. Mbalamwezi ikikolea, samaki hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi hupumzika, wavuvi hutengeneza nyavu. Mtoto wa Ujiji au Katonga hahitaji kufundishwa hilo. Sasa mkabidhi daftari la mfanyabiashara wa dagaa mtu aliyezoeshwa kulinganisha wiki hii na wiki iliyopita. Ataona mauzo yanapanda, yanaanguka, yanapanda tena, na ataandika ripoti yenye rangi za kupendeza kuhusu wateja kukimbia. Wateja wapo palepale. Mwezi umejaa tu.

Basi alinganishe Januari na Januari? Nako kuna mtego. Mwezi wa angani huzunguka kwa siku 29 na nusu hivi, na mizunguko 12 hutimiza siku 354. Giza la wavuvi, ukilitazama kwenye kalenda ya ukutani, husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Januari moja giza linaweza kuangukia katikati, Januari nyingine likagawanyika mwanzoni na mwishoni. Mchambuzi anayelijua ziwa ataongeza safu moja kwenye jedwali lake, ya umri wa mwezi siku ya mauzo, kisha alinganishe giza na giza. Safu hiyo haipo kwenye kozi ya mtandaoni niliyowahi kuiona mimi.

Halafu kuna mwaka 2024. Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Asiyejua ataona biashara iliyokufa kwa miezi mitatu. Au, vibaya zaidi, ataifuta mistari hiyo akidhani karani alisahau kujaza. Sifuri ya ziwa kufungwa na nafasi tupu ya karani mzembe ni vitu viwili, na kuvitenganisha ndiko kunakoitwa kusafisha data. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo inayokula muda mwingi wa mchambuzi.

Nje ya ziwa kuna mawese, kuna mizani za vyama vya kahawa Buhigwe, madaftari ya VICOBA, miamala ya mawakala wa fedha za simu. Kasulu kuna mashirika yanayohudumia wakimbizi, ambako data hukusanywa kwa programu kama KoboToolbox, isiyolazimu kununuliwa ili kujifunzia. Kijana aliyesafisha daftari moja la kweli la dagaa na kulieleza kwa kurasa mbili anacho cha kuonyesha kwenye usaili. Mwenzake atakuja na zoezi lile lile la kozi ambalo maelfu wamelifanya.

"Cheti ni cheti"

Hapana. Kuna cheti cha kumaliza kozi na kuna cha kufaulu mtihani wa kusimamiwa, na mwajiri anayejua hutofautisha. Kozi ya Google ya uchambuzi wa data, iliyoanza kutolewa Coursera mwaka 2021, ni ya aina ya kwanza: haidai uzoefu, inakadiriwa kuchukua miezi 6 kwa saa 10 kwa wiki, na inakupitisha kwenye majedwali, SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata), R (lugha ya programu ya takwimu) na Tableau (programu ya kuchora data). Ni mlango mzuri wa kuingilia. Mtihani wa PL-300 wa Microsoft, unaohusu Power BI, programu ya kutengenezea ripoti za data, ni wa aina ya pili. Alama ya kufaulu ni 700 kati ya 1000, na ukiufanyia nyumbani unakaa peke yako chumbani mbele ya kamera, simu mbali nawe. Cheti hicho huisha muda baada ya mwaka mmoja. Kukihuisha ni bure, mtandaoni. Wanaokifungia kwenye fremu na kukisahau hujikuta na karatasi iliyokufa.

Wala hakuna kati ya hivyo kinachosimama badala ya shahada. Nafasi ya Mtakwimu Daraja la II ikitangazwa na Sekretarieti ya Ajira, sifa inayotakiwa ni shahada ya takwimu au inayolingana nayo. Mwenye lengo la kwenda serikalini aangalie vyuo vinavyotambuliwa, kama Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, EASTC, kilichopo Dar es Salaam, ambacho kinafundisha pia ngazi ya shahada. Sekta binafsi hupima kwa mizani nyingine, na hapo kazi uliyoifanya huongea zaidi.

Swali la vifaa nalo lina pande mbili zinazopotosha. Upande mmoja wanasema Excel, programu ya majedwali, ni ya makarani, lazima uanze na Python, lugha ya kuandikia programu. Karatasi moja ya Excel ina mistari 1,048,576. Duka la pale Mwanga, Kigoma mjini, litauza miaka mingapi kabla ya kuijaza? Anza na Excel, fuata SQL, Python itakuja ikihitajika. Upande wa pili wanasema simu inatosha. Kwa kutazama video, ndiyo. Power BI Desktop haina bei, lakini inataka kompyuta ya Windows, hata ya mtumba, na hakuna mtu anayesafisha mistari elfu tano kwa kidole gumba.

"Daftari nimepewa, ni langu"

Si lako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamlinda yule mama wa dagaa na wateja wake. Omba ruhusa, ondoa majina na namba za simu, ndipo uitumie kazi hiyo kama mfano. Angalia sana Tableau Public, toleo la bure la Tableau, maana unachokichapisha humo kinaweza kuonekana na dunia nzima.

Na kwa wale wanaouza mafunzo ya wiki mbili kwa ahadi ya ajira: Google na Microsoft hawaahidi kazi kwa yeyote, seuze mtu wa kwenye kundi la WhatsApp. Vyeti vyao vina kiungo cha mtandaoni cha kuvihakiki. Mwambie mwalimu akutumie cha kwake kabla hujamtumia pesa.