Halmashauri ya Kijiji: ni nini, na kazi yake ya kila siku ni ipi?

Halmashauri ya Kijiji ni chombo kinachoendesha shughuli za kijiji kilichosajiliwa huko Tanzania Bara. Wanakijiji wengi huiita kwa mkato "serikali ya kijiji". Isichanganywe na Halmashauri ya Wilaya, yenye mkurugenzi, madiwani na idara zake. Hii ya kijiji mara nyingi ni ofisi ya chumba kimoja au viwili, bendera nje, muhuri mezani na madaftari kabatini. Zanzibar wana utaratibu wao wa shehia, kwa hiyo yote yanayofuata ni ya Bara, kwenye vijiji zaidi ya 12,000.

Sheria mama ni Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, ambayo sasa inatajwa kama Sura ya 287. Kabla yake, serikali za mitaa zilikuwa zimevunjwa mwaka 1972 ulipoanza mpango wa madaraka mikoani, na vijiji vikawekewa sheria yake mwaka 1975, enzi za vijiji vya ujamaa. Ya 1982 ndiyo iliyorudisha serikali za mitaa na kukipa kijiji sura tunayoijua leo. Kijiji kikishasajiliwa, halmashauri yake huwa mtu mbele ya sheria: inaweza kumiliki mali, kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa. Viongozi hubadilika, yenyewe inabaki. Deni lililoachwa na uongozi uliopita haliondoki na uongozi huo.

Wajumbe hawapungui 15 wala hawazidi 25. Yupo mwenyekiti wa kijiji, wapo wenyeviti wa vitongoji vyote (sehemu ndogo zinazounda kijiji), na wapo wajumbe wengine waliochaguliwa na wanakijiji. Sheria inataka wanawake wasipungue robo ya wajumbe wote. Kipindi ni miaka mitano. Uchaguzi wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, na uliotangulia tarehe 24 Novemba 2019. Wagombea hudhaminiwa na vyama vya siasa, jambo ambalo kwa maoni yangu halikisaidii sana kijiji, kwa sababu kisima kilichokauka hakina chama.

Katibu wa vikao ni Afisa Mtendaji wa Kijiji, yaani mtendaji. Huyu hachaguliwi na wanakijiji. Ni mwajiriwa wa Halmashauri ya Wilaya, analipwa mshahara na anaweza kuhamishwa. Mwenyekiti, kwa upande wake, hana mshahara wa serikali. Akipata kitu ni posho, na posho yenyewe inategemea hali ya mfuko. Hapo ndipo mvutano wa vijiji vingi unapoanzia. Mmoja ana kura za watu na hana mshahara, mwenzake ana mshahara na hana kura. Mwenyekiti anajua watu, mtendaji anajua nyaraka. Wakielewana kijiji kinakwenda. Wasipoelewana, mwananchi anaambiwa mara muhuri uko kwa huyu, mara daftari liko kwa yule.

Jambo ambalo watu wengi, wakiwemo baadhi ya wajumbe wenyewe, hawalishiki vizuri ni hili: halmashauri siyo mkubwa wa kijiji. Mkubwa ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani mkusanyiko wa wakazi wote wa kijiji waliotimiza umri wa miaka 18. Ndio unaoichagua halmashauri, na ndio wenye kauli ya mwisho katika mambo makubwa ya sera na ardhi. Halmashauri hukutana kila mwezi kuendesha shughuli, kisha hupaswa kuuitisha Mkutano Mkuu kila baada ya miezi mitatu, iwasomee watu mapato na matumizi, na iulizwe. Kwa hiyo kijiji kinachokwenda sawasawa kina mikutano mikuu minne kwa mwaka, yenye mihtasari minne kwenye faili. Ukitaka kujua hali ya kijiji chochote, usiulize mwenyekiti ni mtu wa namna gani. Omba kuona mihtasari.

Nasisitiza muhtasari kwa sababu halmashauri huzungumza kwa maandishi. Neno la mwenyekiti chini ya mwembe ni neno la mwenyekiti. Uamuzi wa halmashauri ni ule uliopitishwa kwenye kikao chenye akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa, ukaandikwa, pamoja na orodha ya mahudhurio yenye sahihi za waliokuwepo. Pasipo karatasi hiyo, hata jambo lililokubaliwa na wote kwa makofi linaweza kukanwa miaka mitatu baadaye, na atakayelikana huenda ndiye aliyepiga makofi mengi zaidi.

Sasa kazi za kila siku. Asubuhi za ofisi ya kijiji ni za barua. Kijana anataka barua ya utambulisho aombe kitambulisho cha taifa au afungue akaunti benki. Mzazi anataka uthibitisho kuwa mtoto ni wa hapo. Mfugaji anayetaka kupeleka ng'ombe mnadani anahitaji kuthibitishiwa kuwa mifugo ni yake. Mgeni aliyehamia anakuja kujiandikisha, au anapaswa kuja. Kazi hizi hazihitaji kikao, ni za mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji anayemfahamu mhusika. Ndiyo maana mara nyingi utaambiwa uanzie kwa mwenyekiti wa kitongoji: yeye ndiye anayejua nyumba kwa nyumba.

Kazi zenye uzito zaidi hupitia kamati. Za kudumu ni tatu: ya Fedha, Uchumi na Mipango; ya Huduma za Jamii na Shughuli za Kujitegemea; na ya Ulinzi na Usalama. Majina yanajieleza. Kamati huandaa, halmashauri huamua. Juu ya kijiji ipo Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake, na huko ndiko mipango ya vijiji inakokutana kabla ya kwenda wilayani.

Ujenzi ni mfano mzuri wa mzunguko huo. Wanakijiji wanasema wanataka zahanati. Halmashauri inapanga, Mkutano Mkuu unapitisha mchango na siku za kazi, watu wanasomba mawe na mchanga, boma linapanda hadi usawa wa lenta. Kisha barua inakwenda kata na wilaya kuomba bati, milango na mganga. Nchi hii ina maboma mengi yaliyosimama hivyo kwa miaka mingi, nguvu za wananchi zikiwa zimekamilika na fedha ya kumalizia haijafika. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayolaumiwa, kwa kuwa iko karibu, ingawa kitasa cha mlango huo kiko wilayani.

Fedha ya kijiji yenyewe ni kidogo. Kodi ya maendeleo, ile ambayo wazee bado wanaiita kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003, na tangu hapo vijiji vingi vinategemea ruzuku, michango, ada ndogondogo, pango la mnara wa simu kama upo, na faini. Hapo kwenye faini tusimame kidogo.

Halmashauri inaweza kutunga sheria ndogo: kuhusu mifugo kuingia mashambani, ukataji wa miti, usafi wa vyanzo vya maji, utoro shuleni na kadhalika. Lakini ina njia yake. Halmashauri huandaa rasimu, huuitisha Mkutano Mkuu kupata maoni ya watu, hupitisha, kisha huipeleka Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Kabla ya idhini hiyo, sheria ndogo ni rasimu tu. Kwa hiyo anayetozwa faini ana haki ya kuuliza maswali mawili rahisi: sheria ndogo yenyewe iko wapi, na risiti yangu iko wapi? Kuuliza hivyo siyo utovu wa adabu. Halmashauri ya Kijiji pia siyo mahakama. Haimfungi mtu, wala haisikilizi kesi ya wizi au ya kujeruhi ikaimaliza kwa mbuzi wawili na soda. Kazi ya kamati ya ulinzi na usalama ni kuzuia, kukamata kwa mujibu wa sheria na kumfikisha mtu polisi.

Tuje kwenye ardhi, maana huko ndiko mamlaka makubwa ya kijiji yaliko na ndiko ugomvi mwingi uliko. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaikabidhi Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi yote ya kijiji. Neno la msingi ni usimamizi. Sheria inasema wazi kwamba halmashauri isimamie ardhi hiyo kama mdhamini, na wanakijiji ndio wanufaika: kama mjomba anayetunza shamba la watoto wa marehemu ndugu yake, analilima na kulilinda, lakini hana ruhusa ya kuliuza akanywee.

Kutokana na hilo, halmashauri haiwezi kugawa ardhi ya kijiji au kutoa hakimiliki ya kimila (haki ya mtu kumiliki ardhi ya kijiji kwa misingi ya mila) bila idhini ya Mkutano Mkuu iliyotangulia. Iliyotangulia, siyo inayotafutwa baadaye kwa kuzungusha karatasi nyumba kwa nyumba. Tena kila Mkutano Mkuu wa kawaida unapokaa, halmashauri hutakiwa kutoa taarifa ya namna inavyoisimamia ardhi na kusikiliza maoni.

Mwanakijiji anayetaka hati ya hakimiliki ya kimila huomba kwa halmashauri, nayo inatakiwa kuamua ndani ya siku 90. Kabla ya hapo kijiji chenyewe kinapaswa kuwa na cheti cha ardhi ya kijiji, ambacho ni tofauti na cheti cha usajili wa kijiji. Cheti cha usajili kinasema kijiji kipo. Cha ardhi kinathibitisha mipaka na mamlaka ya halmashauri ndani yake. Vijiji vingine vina cha kwanza na havina cha pili, na wakazi wake hugundua hivyo siku mpaka na kijiji jirani unapogombewa.

Mwanamke ana haki sawa na mwanamume katika haya. Sheria hiyo hiyo ya 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Mjumbe anayesema "kwetu wanawake hawarithi mashamba" huenda anasema kweli kuhusu mila, lakini kama msingi wa uamuzi wa halmashauri kauli hiyo haina nguvu.

Kisha kuna ile karatasi ya mauziano. Mtu wa mjini anakuja na fedha, anaonyeshwa ekari kumi, mwenyekiti anagonga muhuri, picha inapigwa, mambo yamekwisha. Hayajaisha. Muhuri wa mwenyekiti peke yake siyo idhini ya halmashauri, na Mahakama ya Rufani imekwisha kukataa mauziano ya ardhi ya kijiji yaliyofanyika bila idhini hiyo. Mnunuzi mwangalifu huomba muhtasari wa kikao kilichojadili shamba hilo hilo, kwa jina la muuzaji huyo huyo, pamoja na mahudhurio.

Panapotokea mgogoro wa shamba kati ya jirani na jirani, upo mlango mwingine: Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Halmashauri huwapendekeza na Mkutano Mkuu huwathibitisha, lakini likishaundwa, kazi yake ni kusuluhisha bila kupokea maagizo ya mwenyekiti. Halitoi adhabu. Linawakalisha watu, linasikiliza, linatafuta maafikiano. Yakishindikana, wahusika wanaendelea na ngazi za juu.

Mamlaka haya juu ya ardhi yamewahi kuzaa matunda makubwa. Katika miaka ya 1990, vijiji vinavyozunguka msitu wa Duru-Haitemba wilayani Babati viliuchukua msitu huo mikononi mwao, vikaweka sheria ndogo na walinzi wao, badala ya msitu kuwa hifadhi ya serikali. Vijiji vya Suledo wilayani Kiteto vikafuata njia hiyo hiyo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaja kuupa utaratibu huu nafasi rasmi, na sasa kijiji kinaweza kutenga msitu wake wa hifadhi, kikausimamia kupitia kamati, na mapato ya mbao yakaingia kwenye mfuko wa kijiji. Kwa wanaodhani halmashauri ya kijiji ni ya kugonga mihuri tu, misitu hiyo ni jibu tosha.

Swali la mwisho ambalo huulizwa sana na wanaoishi pembezoni mwa miji: mwenyekiti wa mtaa naye ana mamlaka hayo? Hana. Mji ukipanuka na kijiji kikageuzwa mitaa, Halmashauri ya Kijiji inakoma kuwepo. Mahali pake inakaa Kamati ya Mtaa, ambayo haina nafsi ya kisheria na haigawi ardhi. Upangaji na upimaji wa viwanja unahamia kwa mamlaka ya mji, chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999. Mwenyekiti anaweza kubaki yule yule, kiti kile kile, lakini ukienda kwake na shauri la shamba, kazi yake imebaki kukutambulisha kwa afisa ardhi.